Ufa Mdogo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu kalala kwenye kochi tena. Nilimchungulia alfajiri kabla hajaamka. Miguu inaning'inia, shingo kaikunja kama kuku aliyenyeshewa, na bado ni mzuri. Wanasema chongo ya mpenzi ni kengeza. Huyu wangu hana chongo wala kengeza. Ana kila kitu mahali pake, ila yeye mwenyewe ndiye hayupo mahali pake. Yuko sebuleni. Mimi niko chumbani na mama yake.

Tuna vyumba viwili, kitanda kimoja na ndoa changa. Mama mkwe alikuja kututazama kwa siku mbili. Siku ya kuondoka alituaga vizuri, akafika mlangoni akageuka kupunga mkono, akatoka barazani akageuka kupunga tena, mara ya tatu akapunga huku anakanyaga hewa. Angeridhika na mara mbili, leo angekuwa kwake.

Mume wangu ni mpiga picha za eksirei hospitalini. Akampiga picha mama yake mwenyewe kwa mikono yake hiyohiyo iliyonivisha pete, akaona ufa kwenye kijifupa chembamba cha upande wa nje wa mguu, karibu na kifundo. Ufa mdogo. Mfupa haukusogea. Wakafunga plasta, daktari akasema wiki sita hivi, au zaidi kidogo, maana umri nao una kauli yake. Tumefika nusu.

Mama anaogopa kulala peke yake asije akaanguka akienda msalani, na mtoto wa kiume hawezi kumsindikiza mama yake huko. Nikabaki mimi. Sinung'uniki. Nampenda, ndiye aliyenizalia mume. Lakini alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka anastaafu, na hata kulala analala kimatroni. Taa zikizimwa ni kimya. Juzi nilimnong'onezea mpenzi wangu usiku mwema kupitia pazia la mlangoni, sauti ikatoka gizani ikiuliza ni nani huyo anayeongea. Nikajibu ni mimi, matroni. Limenitoka hivyohivyo.

Nataka apone. Nataka apone haraka kuliko alivyosema daktari. Hapo ndipo akili yangu inapoingia kazini.


Jumatano, 5 Juni

Nimekisoma dukani kitabu cha mume wangu cha mifupa. Kazi yangu ni kuuza kalamu na kutoa fotokopi, na leo wateja walikuwa wachache. Mambo niliyoyakuta humo! Siku zote nilidhani mfupa ni kitu kikavu tu, kama mpini wa jembe. Kumbe uko hai. Una mishipa ya damu, na mifupa mingine ina uboho ndani unaotengeneza damu yenyewe. Mfupa mdogo kuliko yote uko ndani ya sikio. Mrefu kuliko yote uko pajani. Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita, ila mtoto mchanga huzaliwa na mingi kuliko hiyo, halafu kadiri anavyokua mingine huungana.

Inaungana. Iliyokuwa mbalimbali inakuwa mmoja na pengo halionekani tena. Kama hiyo si ndoa, basi sijui ndoa ni nini. Nilisimamisha mashine nikafuta macho. Mteja akaniuliza kama ni vumbi la wino. Nikamwambia ndiyo.

Nimejifunza pia jinsi ufa unavyopona. Kwanza damu inaganda pale palipovunjika. Halafu inaota gegedu laini, kama gundi. Halafu mfupa mpya mgumu unachukua nafasi yake. Mwisho mwili unaupiga randa, taratibu, miezi na miezi, mpaka unarudi umbo lake. Fundi seremala kabisa! Na fundi yeyote anahitaji vifaa, yaani maziwa, samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao, mboga za majani, na jua la asubuhi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba fundi hawezi kuharakishwa. Kulikuwa na ukurasa mmoja uliokuwa na kichwa cha habari kuhusu muda wa kupona, nikauruka.

Jioni nilimweleza mume wangu mpango. Akasema mfupa una kalenda yake na haupokei hongo. Nikamwambia hajui nguvu ya mapenzi. Akanibusu kwenye paji. Nalo ni mfupa, nimeliona kwenye kitabu. Sitalinawa leo.


Jumamosi, 8 Juni

Mpango unakwenda vizuri mno, na hilo ndilo tatizo.

Mama anakunywa maziwa asubuhi na jioni. Samaki anawamaliza na kichwa. Asubuhi namtolea kiti barazani juani, namwekea mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, namfungulia redio. Mashavu yamejaa. Sauti imepata nguvu. Majirani sasa wanakuja wenyewe kumsalimia, na kila anayekuja anasimuliwa jinsi mkamwana huyu alivyotoka kwa Mungu moja kwa moja. Mke wa fundi viatu aliuliza plasta inatolewa lini. Mama akasema hata ikitolewa yeye haoni haraka ya kuondoka, maana hajawahi kutunzwa hivi tangu aolewe, na nyumba yake yeye haina jua la namna hii.

Nilikuwa nimeshika bakuli. Nililikamata likiwa njiani kwenda chini.

Jambo jingine. Ukutani chumbani kuna bango la mume wangu la kiunzi cha mifupa, mtu mzima mzima hana hata nyama. Mama amelifunika kwa shuka. Anasema hawezi kubadilisha nguo mbele ya mwanamume asiyemjua. Nilimwambia kwamba kwa jinsi nyonga zilivyo pana, kitabu kinasema huyo ni mwanamke. Akalifunua akalitazama kwa muda, akasema kweli, halafu akalisikitikia kwa kukonda.


Jumapili, 9 Juni

Wifi alikuja. Huyu ni dada wa mume wangu, anakaa upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, chumba cha wageni kipo na hakina mgeni. Nalirudia hilo kwa sababu nililirudia moyoni muda wote aliokuwa hapa. Chumba. Cha wageni. Hakina mgeni.

Alileta machungwa. Mama akayapokea, akasema ni mazuri, ila mkamwana wake huyamenya kabisa na kuondoa mbegu. Nikaona uso wa wifi ukiingia kivuli. Mimi na wifi tulianza vibaya tangu harusini, alipoketi kwenye kiti changu wakati wa picha akasema anakipasha joto. Lakini leo nilimhurumia. Yeye ndiye binti.

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamchokonoa taratibu. Si angependa naye kukaa na mama yake kidogo? Alijibu kwamba angependa sana, tena shangazi zao wameanza kumsema kwamba kamtupia mzazi mke wa kaka. Lakini mtu mwenye plasta atapandaje ghorofa tatu? Mama angekuwa amepona angemchukua leoleo.

Angekuwa amepona. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi.


Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa jikoni. Mume wangu amelala hapa miguuni pangu kwenye mkeka, kichwa chini ya meza. Nitaeleza.

Mpenzi wangu ana boksi la picha za zamani za eksirei anazowafundishia wanafunzi wa hospitali. Majina yamekatwa, hakuna ajuaye ni za nani. Nikawaza hivi: mama akikiona kifundo kisicho na ufa, moyo utatulia, na moyo ukitulia atasema mwenyewe kwamba yuko tayari kwenda kwa bintiye. Daktari atakubali tu, nani atabishana na matroni? Sikutaka kusema uongo. Nilipanga kusema, mama, tazama kifundo kizuri. Kilikuwa kifundo na kilikuwa kizuri.

Nilichagua picha safi kuliko zote. Mifupa laini, imenyooka, haina mkwaruzo. Nikaishika dirishani. Mama akavaa miwani, akaitazama kama anavyotazama shuka lililotandikwa vibaya. Halafu akaweka kidole. Akauliza, na hapa ni nini? Palikuwa na mstari mweusi umekatisha mfupa mkubwa karibu na mwisho. Akasogeza kidole. Na hapa? Mstari mwingine, kwenye ule mwembamba.

Nikatazama. Kweli. Mfupa umekatika pande mbili, kichwa kimeachana na mwili. Nikasahau kabisa kwamba si mguu wake. Nikakaa kitandani nikaanza kulia, na mama kuona ninalia akajua mambo yameharibika.

Alichukua simu. Alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kwa ukoo mzima: plasta imefunika maovu, nimevunjika pengine pawili, mkamwana anajua na analia, mniombee. Kabla ya magharibi shangazi wa mume wangu alikuwa mlangoni na godoro lake kichwani, amekuja kusaidia kuuguza.

Mume wangu aliporudi kazini aliishika ile picha, akaitazama, akaegemea ukuta. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hana sauti. Akasema huo ni mguu wa mtoto wa kama miaka kumi. Ile mistari myeusi si mivunjiko, ni gegedu, ndipo mfupa unapokulia urefu. Gegedu haionekani kwenye eksirei, hivyo panaonekana kama pengo. Mtoto akishakua, panaungana.

Panaungana! Nilisoma hilo. Nililililia dukani.

Mama aliuliza picha ya mtoto wa watu ilifikaje kwake. Mume wangu akasema picha zilichanganyika alipokuwa akipanga boksi. Alisema bila kunitazama hata kidogo. Huyo ndiye mume. Mama yeye alinitazama, tena kwa jicho lile ambalo bila shaka aliwatazamia wasichana waliokutwa na tochi chini ya blanketi.

Shangazi alielezwa kwamba hakuna mvunjiko mpya. Akasema Mungu mkubwa, akaendelea kutandika godoro lake mbele ya kochi. Ndiyo maana mume wangu amehamia jikoni.


Jumamosi, 15 Juni

Shangazi alitaka kuuchua mguu kwa mafuta ya moto. Mume wangu akamzuia. Mfupa uliovunjika hauchuliwi wala hauvutwi, alisema, ukiuvuta unaweza kuusogeza ukajiunga vibaya. Shangazi akasema basi atachua mwingine. Akanichua mimi, akamchua mke wa fundi viatu, akamchua muuza maziwa aliyekuja tu kuchukua chupa zake. Muuza maziwa sasa anapitia mlango wa nyuma.

Nilianza kupanga namna ya kumwondoa shangazi. Sikuhitaji. Mama alimwamuru azime taa na asikorome, naye akajibu kwamba yeye si mwanafunzi wa mtu. Asubuhi godoro lilikuwa kichwani kwake tena. Mama akasema wasichana wa namna hiyo alikuwa akiwarudisha kwao.

Leo asubuhi kabla mama hajaamka tulipata nafasi jikoni, mimi na laazizi wangu. Akaushika mkono wangu, akanionyesha kwamba kwenye kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa, kuna vijifupa vinane vimepangana kama kokoto. Akawa anavigusa kimoja kimoja na kukitaja jina. Sijawahi kusikia maneno matamu namna ile na sikuelewa hata moja. Tulifika cha tano, mama akaita.

Vitatu namdai. Sitamsamehe hata kimoja.


Ijumaa, 21 Juni

Plasta imetolewa. Picha mpya inaonyesha mfupa umeshika, na pale palipokuwa na ufa pana kinundu kidogo, kama fundi aliyezidisha gundi. Mume wangu alisema kinundu ni dalili nzuri. Niliiomba ile picha nikaibusu mbele ya daktari.

Mguu umekonda na ngozi imepauka. Mama aliutazama akauomba radhi kwa kuufungia. Daktari akasema atembee na magongo kwanza, aukanyagie kidogokidogo, maana mfupa umepona lakini misuli imelala.

Wifi kapiga simu. Tangu ule ujumbe wa sauti, ukoo umemchachafya mpaka hana pa kujificha. Anamtaka mama Jumapili, chumba kiko tayari, kanunua mpaka pazia. Mama anasema anaogopa ngazi. Nikamwambia aniachie mimi. Nimekariri kitabuni: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mgonjwa unatangulia na magongo yake. Nitamfundisha mwenyewe.

Kesho kutwa, mpenzi. Kesho kutwa kitanda kitakuwa na watu wake.


Jumapili, 23 Juni

Naandika kwa shida, nitasema kwa ufupi.

Tulifika kwa wifi sote. Mume wangu alibeba begi. Wifi na mumewe wakasimama juu wakitusubiri, majirani wawili watatu wakatoka kuangalia. Mama akasimama chini ya ngazi ya kwanza akagoma. Akasema hatapanda mpaka amwone mtu amepanda na kushuka akiwa hai.

Nikayachukua magongo. Nikapanda. Mguu mzima, mgonjwa, mguu mzima, mgonjwa, kama maji. Wifi mwenyewe alipiga makofi. Nikageuka, nikatangaza kwamba sasa nashuka, tazameni vizuri. Tatizo ni kwamba miguu yangu yote ni mizima. Nilipofika katikati nikasahau ni upi nilioupa ugonjwa. Nikasimama kufikiri, mguu mmoja hewani, gongo moja chini na jingine juu, halafu miguu yote miwili ikatangulia kwa pamoja.

Niliangukia mkono wa kushoto. Nikasikia kitu begani kikisema ta, kama kijiti kikavu.

Sasa sikia alichofanya mama. Hakushika gongo wala ukuta. Alizipanda ngazi zile kama mwizi anamfukuza, akafika kabla ya mwanawe. Mume wangu alikuwa bado anatafuta pa kuweka begi. Mama akamfokea mtu mmoja aliyetaka kuninyanyua kwa kunivuta mkono, akasema yeyote atakayemvuta huyu atamjua yeye ni nani. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akanifunga mkono kifuani usitikisike, akaniambia nipumue taratibu, wasichana wake wengi walianguka kwenye vitanda vya juu na wote wamekuwa bibi za watu.

Mguu wake haukulalamika hata mara moja. Kila mtu aliona anaweza kupanda ngazi. Wifi aliona. Nikasema, mama, si unaona, unaweza kukaa hapa. Akasema ninaropoka kwa maumivu, na yeye anarudi nyumbani na mgonjwa wake.


Jumatatu, 24 Juni

Ni mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani. Umevunjika katikati kabisa, pale unapopenda kuvunjika mtu akiangukia mkono. Hauwekewi plasta, mkono unaning'inizwa tu kwa kitambaa mpaka ushike.

Mume wangu ndiye aliyenipiga picha. Aliniambia nivute pumzi, niishike. Nilimwambia naishika tangu siku ya kwanza nilipomwona. Msaidizi wake alikohoa akatoka nje. Halafu akanionyesha, na kweli nilikuwa mrembo, mbavu zangu zimepangwa kama kinubi. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona mtulinga uliovunjika vizuri namna ile. Nadhani hakuna mwanamke aliyeambiwa jambo zuri zaidi na mumewe. Ameniona hadi ndani na bado ananitaka.

Ila analala kwenye kochi. Mama ametangaza kwamba haondoki mpaka niweze kuinua mkono kuchana nywele. Mimi upande wa ukutani, yeye upande wa nje asije mgonjwa akadondoka. Asubuhi maziwa. Mchana samaki na vichwa vyao. Kiti changu kiko barazani, juani, na ndoo imepinduliwa ingawa miguu yangu haina shida yoyote. Ananichana nywele mwenyewe, polepole, huku ananisimulia utukutu wa mume wangu alipokuwa mdogo. Leo nimecheka mpaka bega likauma. Nikisema sina furaha nitakuwa mwongo.

Lakini ndoa ni ndoa.

Jioni wifi aliniletea ujumbe kwenye simu. Anasema moyo unamuuma. Mama amepanda ngazi zake kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya majirani, akafika katikati, akageuka akaondoka na mimi. Pazia jipya linamwangalia tu. Afanye nini ili mama aje kwake?

Nilifikiri sana. Mama huyu haendi kwenye chumba, anakwenda kwenye mgonjwa. Ndipo akili ikanijia, safi kabisa, na safari hii haina picha ya mtu wala magongo. Nikamwandikia wifi kwamba kuna kuvunjika na kuna kuteguka. Kuteguka si mfupa, ni zile kano zinazofunga kiungo, hata eksirei haioneshi kitu, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Haombwi kuvunjika. Ateguke kidogo tu, kifundo, Ijumaa jioni, atume ujumbe wa sauti.

Amejibu sasa hivi. Anauliza mguu gani.

Nimemwambia achague mmoja mapema, na asije akausahau.